Keti Kidogo, Yaya

Sikuutafuta wimbo huu. Nilitumwa.

Mama mwenye nyumba ninamofanya kazi, huku Nzuguni, Dodoma, alikuwa na mdogo wake anayefanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na binti mkubwa wa mama mwenyewe, wa miaka sita, akachaguliwa kuwa mtoto wa maua. Siku hizi mtoto wa maua hamwagi maua yake akaenda kukaa. Anacheza, tena kwa hatua zilizopangwa, ili watu watoe simu wamrekodi. Basi ikachomolewa memori kadi kwenye kiredio cha jikoni, nikapewa mkononi. "Dada, nenda pale stendi kwa yule jamaa anayeingiza nyimbo. Mwambie akuwekee zote za yule mwimbaji wa masherehe. Mtoto aanze mazoezi leo leo."

Dada ni mimi. Katika nyumba ile sina jina lingine. Mama ananiita dada, na kanizidi miaka kumi na mbili. Baba ananiita dada. Mlinzi wa getini, mzee wa kuweza kunizaa, dada. Mtoto wao mdogo, ambaye nguo zake nafua mimi na uji wake napuliza mimi, alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza alisema "dada". Mama yake akapiga makofi: "Umemsikia? Kasema baba!" Sikubisha. Alikuwa mgongoni kwangu, nilisikia vizuri sana.

Na mimi nina wangu. Binti. Yuko Kondoa kwa mama yangu, ana miaka minne na miezi saba, na yeye naye ananiita dada.

Nilimbeba tumboni nikiwa kidato cha nne. Mtihani wa mwisho niliufanya Novemba, jua la kupasua mawe, nimevaa sweta. Msimamizi akaniuliza naumwa nini, nikasema malaria. Nikapata daraja la nne na mtoto wa kike kwa mpigo mmoja. Aliyenipa mimba tulikuwa darasa moja. Yeye yuko chuo sasa, na kila Idd ananitumia picha ya maua yenye maandishi ya kumetameta. Yeye hakuna aliyemgeuza kaka wa mwanawe.

Mama yangu ndiye aliyepanga. Sisi ni watu wa mjini pale Kondoa, watu wa duka na msikiti. Babu wa babu alifika na misafara ya biashara akabaki, na watu wa namna yetu hawapendi binti yao apite barabarani na mtoto asiye na baba. Akaniambia, "Huyu ni wangu. Wewe ni dada yake. Bado utaolewa." Nilikuwa na miaka kumi na saba, maziwa yananivuja kifuani, nikakubali. Kondoa nzima inajua, na Kondoa nzima imenyamaza. Mtoto peke yake ndiye hajui.

Haya. Twende stendi.

Yule mwimbaji kama umehudhuria sherehe yoyote Dodoma miaka hii, ameshakupigia kelele. Ana bendi yake, ana spika za kuua mbu, na anaimba kama mtu anayeita basi lililomwacha. "Mama mkwe yuko wapiii! Mikono juuu!" Watu wanamlipa kwa hilo na wanafurahi. Mimi nilikuwa simpendi wala simchukii, alikuwa kama vumbi tu. Jamaa wa nyimbo akachomeka kadi kwenye kompyuta yake, akaniuliza, "Zote?"

"Zote."

"Hata zile za pembeni?"

"Kaka, nimetumwa zote. Weka zote."

Hizo za pembeni sikujua ni zipi, na nilikuwa nimeacha maharage jikoni.

Jioni ile mtoto wa maua akacheza wimbo mmoja mara saba. Mara ya nane nikamfukuza akaoge. Redio nikaiacha iendelee yenyewe huku nasonga ugali, ikapiga kelele ya pili, ya tatu, ya tano, kisha ikanyamaza. Nikadhani spika imekufa. Nikaigonga na kiganja. Nikasikia kuku.

Kuku kweli, anapekua mahali fulani nyuma. Kisha kiti kikalia, kama mtu mzito anajiweka sawa. Kisha vyuma vya ilimba, kile kisanduku cha mbao cha Wagogo kinachochezwa kwa vidole gumba, vikaanza kudondoka kimoja kimoja, havina haraka. Hakuna ngoma. Hakuna mikono juu. Na sauti ya mtu, chini kabisa, kama anayeongea na mtu aliyeko chumba hicho hicho:

Keti kidogo, yaya.
Wamekula, wameshiba, na wewe je?
Mgongo wako si kitanda.
Utue ulimwengu, yaya, uketi.

Nikasimama na mwiko mkononi. Mwanzo sikuamini ni yeye. Nikarudisha nyuma. Ni yeye, ile "r" yake ya kukwama naijua, maana imenipigia masikioni kwenye kumbi tatu nikiwa nimebeba watoto wa watu. Lakini hapa alikuwa hataki kitu kwangu. Hakutaka nishangilie, hakutaka niinue chochote. Ananiuliza tu, na wewe je?

Na wewe je! Miaka miwili na nusu niko katika nyumba ile, nakula nimesimama, sahani nimeiweka juu ya jokofu, sijawahi kuulizwa na wewe je. Na hapa mtu anakaa chini na ilimba yake kumwimbia yaya. Yaya! Wanaimbiwa wapenzi, wanaimbiwa wake za watu, wanaimbiwa viongozi, magari yanaimbiwa. Yaya anaimbiwa lini? Nikaona huyu mtu labda alilelewa na yaya, akakua, akakumbuka.

Ubeti wa pili ulinithibitishia kabisa:

Nilipita mlangoni sikukuita,
jina lako nililimeza kama kokwa ya ukwaju.
Leo naliita, yaya, na nyumba ni tupu.

Nikasema ndiyo hivyo hivyo. Hivi vitoto vitakua, vitapita mlangoni, havitaniita. Ugali ukaungua. Mama akaingia jikoni: "Dada, harufu gani hiyo?" Nikamwambia jiko lina moto mkali. Jiko lilikuwa halina kosa.

Siku ya pili nikarudi kwa yule jamaa, akaniwekea wimbo kwenye simu yangu. Nikawa nao. Nafua nao, napiga pasi nao, nafagia uwanja ambao upepo wa Nzuguni unaurudishia vumbi kabla sijaweka ufagio chini. Kitu kimoja tu: sikuwahi kuusikiliza nimekaa. Nilijaribu. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa juu yake, ilimba ikaanza, na kabla hajafika "na wewe je" nilikuwa nimeshasimama naanua nguo. Nikawa nabishana naye. Nikae, nani apike? Nikae, halafu nifikirie nini? Wewe una kiti, baba, na kuku unao. Lakini nikimaliza kubishana naurudia. Ilimba inakosea mahali, mzunguko wa tatu, kidole kinagusa chuma kisicho chake, na yeye hakurudia kurekodi, kaliacha kosa limekaa pale. Nililipenda lile kosa kuliko kitu chochote kwenye wimbo. Mtu wa kelele kiasi kile, na ana mahali anakoacha kosa lake lionekane.

Kisha mama yangu akapiga simu. Ilikuwa Jumatano, naanika mashuka.

"Mtoto anaandikishwa shule Januari, darasa la awali," akasema. "Wanataka cheti cha kuzaliwa. Jumatatu naenda naye kwa mtendaji wa kata, wanaandika hapo hapo."

"Sawa."

"Nitaandika jina langu."

Nikasema, "Jina lako wapi?"

"Pa mama. Kuna pa mtoto, pa baba, na pa mama. Baba nitaandika marehemu baba yako. Usianze."

Sikuanza. Nilishika shuka lenye maji mpaka likanilowesha kanga yote. Kuitwa dada nimezoea, nilijiambia ni mchezo, siku moja utaisha, nitamwita pembeni nimweleze. Lakini karatasi haisikii maelezo. Ikishaandikwa, hata mimi mwenyewe nikifa watasema kafiwa na dada yake. Nilikuwa na Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Nilizimaliza mbili nikisugua vitu visivyo na uchafu.

Jumamosi mchana tukaenda ukumbini kwa mazoezi. Mama na mdogo wake, bibi harusi mtarajiwa, wanagombana na mtu wa mapambo kuhusu rangi ya vitambaa. Mimi nina mtoto mgongoni na mtoto wa maua mkononi na kikapu chake. Na bendi ilikuwa pale, wanajaribu spika. Yeye mwenyewe kapiga magoti sakafuni anaunganisha waya kwa utepe wa fundi umeme, kamwili kadogo, ana miwani. Nilikuwa sijawahi kumwona akiwa hajavaa koti la kung'aa.

Sina aibu ya kuongea na watu. Nikamwendea.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kama ni wimbo wa kuingilia, mwambie bosi wako nimeshaupata."

"Sijaja kwa hilo. Nimekuja kwa ule wimbo wa yaya."

Akaacha waya. "Upi?"

"Keti kidogo, yaya. Wenye kuku."

Mpiga ngoma wake, jitu la kifua, akadakia kutoka nyuma, "Wenye kuku! Mzee, kuku wako kajulikana mjini!"

"Umeupata wapi?" akaniuliza mwimbaji. "Huo sijautoa."

"Umetoka. Uko stendi kwa jamaa wa nyimbo."

"Yule mshenzi! Nilimpelekea kompyuta aniondolee virusi."

"Kaviondoa, na nyimbo kaondoka nazo," akasema mpiga ngoma.

Sauti ya mwimbaji ya kuongea ndiyo ile ile ya wimbo. Hiyo ya kwenye sherehe anaivaa, kama koti. Nikaona nimwambie kabla mama hajaniita. "Mimi nataka kukushukuru tu. Mimi ni yaya. Sisi hakuna mtu kawahi kutuimbia. Wewe umemwambia yaya akae chini, umemwuliza kala nini. Nasema asante, na nasema kwa niaba ya wenzangu wote."

Mpiga ngoma alicheka mpaka kigoda chake kikarudi nyuma. "Mayaya! Mzee kawaimbia mahausigeli! Jamani, tumepata wateja wapya!"

Mwimbaji hakucheka. Akavua miwani akaifuta kwa fulana. "Dada, yaya ni mama. Kwetu sisi Wagogo, mama tunamwita yaya. Yule ni mama yangu mimi. Kafariki mwaka juzi. Hicho kiti unachokisikia ni chake, na hao kuku ni wake."

"We wa wapi usiyejua yaya?" akauliza mpiga ngoma.

"Kondoa."

"Kondoa hapo hapo! Unapanda basi unashuka hujamaliza karanga!"

"Kwetu tunaongea Kiswahili."

"Ndicho kilichokupoteza, shangazi. Kiswahili chako hicho."

"Mwache," mwimbaji akamkata. "Ule wimbo kila niliyempigia kaniambia niongeze ngoma. Hata wewe umeniambia niongeze ngoma. Huyu peke yake ndiye kasikia maneno." Akanigeukia. "Na wala hujakosea sana, ukitazama. Wewe una watoto?"

Wa mama mgongoni. Wa mama mkononi, ananivuta kanga: "Dada, twende, dada, maua yangu." Mama mwenyewe hatua nne kutoka pale. Siku niliyoomba kazi aliniuliza swali hilo hilo na nikajibu sina, nina mdogo wangu tu kwetu, kwa sababu hakuna anayemchukua msichana wa kazi mwenye mtoto. Atakuwa anaomba ruhusa kila wiki.

Nikasema, "Hapana."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye waya wake.

Nilitembea mpaka kwenye choo cha ukumbi, nikamfunga mtoto vizuri mgongoni, nikasimama mbele ya sinki. Nilikuwa nimemkasirikia mama yangu siku tatu. Nilimkasirikia yule wa chuo na maua yake ya kumetameta. Sasa nikaona wa kwanza kuandika jina la mtu mwingine ni mimi. Hapana. Neno moja, kwa mdomo wangu, mchana kweupe. Mama yangu alikuwa bado hajafika hata kwa mtendaji.

Ubeti wa pili nao ukageuka ukanitazama. Nilipita mlangoni sikukuita. Nilikuwa nimeshauelewa vizuri nilipousikia kama yaya. Nilipousikia kama mama, anayeimba hakuwa tena yule mwimbaji. Alikuwa mtoto wangu, miaka thelathini ijayo.

Jioni nilimfuata mama mwenye nyumba sebuleni. "Mama, kesho naenda Kondoa."

"Kesho? Dada, sendofu ni Jumamosi ijayo, nguo hazijatoka kwa fundi. Kuna nini, mdogo wako anaumwa?"

"Si mdogo wangu. Ni mwanangu. Nimemzaa mimi."

Akapunguza televisheni. "Ungeniambia."

"Ningekwambia ungenipa kazi?"

Alifikiri. Namheshimu kwa hilo, hakukurupuka kusema ndiyo. "Alhamisi uwe umerudi," akasema. Kisha, nikiwa mlangoni, "Anaitwa nani?"

Nikamtajia. Alikuwa mtu wa kwanza Dodoma kuuliza.

Kondoa nilifika saa tano asubuhi. Binti yangu aliniona kutoka kwenye kona ya duka akaja mbio, viatu mkononi, anapiga kelele mtaa mzima, "Mama! Mama! Dada kaja!" Huyo mama alikuwa mlangoni, ungo wa mbaazi magotini. Aliniangalia begi kwanza, uso baadaye.

"Umefukuzwa?"

"Shikamoo mama. Sijafukuzwa. Nimekuja kumwandikisha mwanangu."

"Sema taratibu."

"Mwanangu."

Akamtuma mtoto dukani kwa jirani akalete kiberiti, na viberiti viwili vilikuwa juu ya meko nikiviona. Akanigeukia. "Nimekulelea miaka minne na nusu."

"Sikukuomba."

"Hukuniomba kwa sababu ulikuwa unalia. Ulikuwa huwezi hata kumshika kichwa. Nani aliamka naye? Sasa amejua kuoga mwenyewe ndipo anakuwa wako?" Mikono yake haikuacha kuchambua, anatupa wadudu pembeni. "Kuna watu wameulizia habari zako. Watu wazuri, wana mashine ya kukamua alizeti. Kesho nikuandike mama wa mtoto wa shule, baba hakuna, nitawajibu nini?"

"Wanajua, mama. Kondoa nzima inajua."

"Kujua na kuandikwa ni vitu viwili!"

Hilo ni kweli, na ndiyo sababu iliyonipandisha basi. Mtoto akarudi na kiberiti, akatumwa tena akakirudishe. Nikaokota ufagio, nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mama akasema, "Wewe hutulii hata kidogo." Nikamjibu nimerithi.

Sikupanga kumpigia wimbo. Nilitoa simu niangalie saa, kidole kikaugusa, kuku wakaanza. Kuku wa mama wakainua vichwa.

"Nini hiyo?"

"Wimbo."

"Anaimba au anaongea?"

"Sikiliza."

Akasikiliza huku anachambua. Keti kidogo, yaya. Wamekula, wameshiba, na wewe je? Nikaona midomo yake inalegea kidogo, kama mtu aliyekubali kuonjeshwa chai. "Kumbe na yaya wanaimbiwa siku hizi," akasema. "Si unaona? Kazi yako ina heshima."

Kosa langu lile lile, neno kwa neno. Sikucheka. Kicheko cha mpiga ngoma mimi nilikistahili, yeye hakukistahili.

"Yaya ni mama," nikamwambia. "Kwa Wagogo. Anamwimbia mama yake aliyekufa."

Mikono ikasimama juu ya ungo. Ubeti wa pili ukapita wote, sikukuita, kokwa ya ukwaju, nyumba tupu. Mama yangu alifiwa na mama yake akiwa mdogo, hilo nalijua. Anavyomkumbuka sijui, hajawahi kusema. Na mimi, kusema kweli, nilikuwa sijawahi kumwuliza kama amekula.

"Zima," akasema.

"Haujaisha."

"Nimesema zima. Utamaliza chaji."

Nikazima. Akainuka na ungo wake akaingia ndani, na mpaka jua linazama hatukuzungumza jambo lolote zaidi ya chumvi.

Asubuhi ya Jumatatu mama alivaa baibui lake la kwendea misibani. Mimi nikavaa viatu. Hakuniambia njoo, hakuniambia baki. Tukaondoka watatu, mtoto katikati, anaruka ruka vidimbwi ambavyo havina maji, mvua ilikuwa bado.

Ofisi ya kata ilikuwa na karani wa kike, wa umri wangu, kucha nyekundu, kalamu mbili. Akatuuliza kadi ya kliniki. Mama akaitoa kifuani, kwenye kitambaa. Mimi sikuwa nimeiona tangu mtoto ana miezi mitatu. Karani akaifungua, akaipeleka karibu na macho, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa pana majina mawili. Hili limekatwa, hili limeandikwa juu yake. Wino tofauti." Akatuangalia mmoja mmoja. "Mama wa mtoto ni nani?"

Jina lililokatwa ni langu. Mstari ulikuwa mmoja tu, umenyooka, wa mtu aliyetumia rula. Nilifungua mdomo. Lile "hapana" la ukumbini lilikuwa bado liko pale kwenye ulimi, limekaa kama mwenye nyumba.

Karani akachoka kusubiri. Akainama juu ya meza, akamchekea mtoto. "Eti mrembo, mama yako yupi hapa?"

Akanyoosha kidole. Hakusita hata kidogo, kwa nini asite? Kidole kikaenda moja kwa moja kwa mama yangu, na akajificha kwenye baibui lake kwa aibu ya kuulizwa na mgeni.

Karani akashika kalamu.

"Wewe," mama yangu akasema. Nilidhani ananiambia mimi. Alikuwa anamwambia karani. "Umesoma, unamwuliza mtoto wa miaka minne jambo la namna hiyo? Anajua nini? Muulize aliyezaa." Na mkono wake, bila kunitazama, ukanisukuma mgongoni mpaka tumbo langu likagonga meza.

Nikasema jina langu. Likatoka kwa sauti kubwa mno, watu waliokuwa kwenye benchi nje wakachungulia. Karani akaliandika taratibu, herufi kubwa kubwa. Alipouliza la baba nikamwambia, "Acha wazi." Mama akavuta pumzi.

Nje jua lilikuwa limeshapanda. Mama akatangulia, anatembea haraka kama anayefukuzana na mtu, baibui linapiga miguu. Cheti nilikishika kwa mikono miwili, wino ulikuwa haujakauka sawasawa. Binti yangu akanivuta.

"Dada, mama kakasirika?"

Nikachuchumaa pale pale barabarani. "Mimi siyo dada. Mimi ndiye mama yako. Yule ni mama yangu mimi."

Alinitazama. Kisha akacheka, meno yote nje. "Muongo! Sasa mama atakuwa nani?"

Mbele yetu baibui likasimama. Mama yangu hakugeuka.

"Bibi," akasema. "Mimi ni bibi yako. Tembeeni, jua kali."

Mtoto akaona mchezo umenoga. "Bibi! Bibi! Bibi kizee!" akawa anamkimbilia, na nikamsikia yule mwanamke akimjibu, "Kizee mwenyewe, hebu vaa viatu." Mimi mtoto hakuniita kitu. Siku ile yote alinikwepa jina, akitaka maji anasema "nataka maji", akitaka tutoke nje ananishika mkono. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano akajisahau mara mbili akaniita dada, akaziba mdomo, akanitazama kama nitampiga. Nikamwambia ita unavyoweza.

Alhamisi nikapanda basi. Januari namchukua. Nimeshaangalia chumba Kizota, huku huku Dodoma, karibu na mafundi wa kuchomelea mageti, kelele kutwa nzima, lakini mwenye nyumba hana shida na watoto. Aliniuliza nitakaa na nani. Nikamjibu kabla hajamaliza swali.